Okinyi Kwenye Ngazi

Machimbo ya Nyambureti,
Serengeti.
Alhamisi mchana.

Kwa kaka yangu mpendwa Odera,

Shikamoo kaka. Pokea salamu zangu kutoka huku machimboni, wewe na wifi Sheila na watoto wote. Natumaini barua hii inawakuta mnaendelea vizuri, na kwamba ule mguu wa wifi uliokuwa umevimba umepungua. Nimesikia tumbaku yenu mwaka huu imestawi, na mahindi hayajaliwa na ngedere kama mwaka jana. Namshukuru Mungu kwa hayo. Ukiuliza habari zangu, siumwi popote, ila siwezi kuandika kwamba mimi ni mzima wa afya kama tulivyofundishwa shuleni.

Kabla hujaendelea nakuomba jambo. Kama mama yuko karibu, kunja karatasi hii uende nayo nyuma ya zizi ukaisome peke yako. Usimpe wifi akusomee. Najua unavyopenda kusomewa barua, umekaa kitini kama diwani, lakini hii hapana. Bwana aliyekuletea ni Matiko, Mkurya wa Tarime, mwenzake mdogo wetu Okinyi kwenye kuchimba. Nimemkataza asiseme neno lolote mbele ya mama, na Matiko akishakatazwa jambo hata umchape hasemi.

Utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Nimepiga, kaka, mpaka kidole kimechoka. Simu yako ilitumbukia mtoni, na ile ya nyumbani tangu jana mama haiachii mkononi. Kila nikipiga anapokea yeye. Akisikia ni mimi ananiambia nikate upesi nisije nikamzibia njia mwanawe, maana anangoja Okinyi apige kutoka Kisumu. Nilimwomba akupe wewe simu, akasema uko shambani. Nilimwomba tena, akasema Adero, acha wivu, leo ni zamu ya mdogo wako. Nifanyeje? Nimwambie mama kwa simu haya ninayotaka kukuambia? Sina moyo huo.

Nianze mwanzo usije ukasema nimechanganyikiwa.

Unakumbuka nilipokuwa Mwanza kwenye kile kiwanda cha soda, kazi yangu kuangalia kamera iliyokuwa ikitazama chupa zikipita, ili yenye ufa itolewe. Mlinicheka sana nyumbani, eti dada yenu analipwa kuangalia chupa. Kiwanda kilipobadilisha mitambo, kamera ile ikanunuliwa na bwana mmoja Msukuma anayeitwa Maduhu, nami nikaja nayo huku kama mahari. Dhahabu ilikuwa imeonekana shambani kwa mtu, na watu walishamiminika kutoka Geita, Kahama na Shinyanga, kila mmoja na sururu yake. Maduhu alipata duara, ndivyo tunavyoliita shimo la kuchimbia, na duara lake lilikuwa na mawe mazuri. Tatizo lake lilikuwa wizi. Viroba vya mawe vilivyopanda kutoka chini havikuwa vile vilivyofika kwenye karasha la kusagia. Akasema kama kamera imeweza kuhesabu chupa, viroba vitaishinda nini. Tukaifunga juu ya winchi, inatazama chini kwenye mdomo wa duara. Nilipopata nafasi ya kumwombea Okinyi kazi nikamwombea. Hilo unalijua, ulinisifu kwa hilo.

Sasa hapa unisikilize vizuri, kaka, hata kama mambo ya mitambo yanakuchosha. Kamera hii si kama ya simu, kwamba unabonyeza ukitaka. Ndani ya duara, chini kidogo ya mdomo, nimefunga kitaa kinachopeleka mwanga ukuta wa pili. Kitu kikiukata ule mwanga, kamera inapata taarifa, inasubiri kidogo sana, halafu inapiga. Muda huo wa kusubiri niliupanga mimi mwenyewe, ili ndoo inayopanda na kiroba iwe imefika pale ninapotaka kuiona. Ukipiga mapema unapata kamba, ukichelewa unapata hewa. Picha nazo hazikimbilii kwenye kompyuta. Zinakaa kwanza ndani ya kamera yenyewe, tumboni mwake, na tumbo hilo ni dogo. Likijaa, picha mpya inakaa mahali pa ile iliyo ya zamani kuliko zote, na ya zamani ndiyo imekwenda. Umeme ukikatika hata kidogo, zote zinafutika. Kila jioni karani wa Maduhu, Filemoni, anakuja na kompyuta yake, anazitoa, anahesabu viroba, kesho tunaanza upya.

Watu nao wanapigwa picha, kwa sababu ngazi inapita palepale kwenye mwanga. Hilo hatukulipanga. Okinyi alikuwa akijua, na kila akipita anainua uso anatoa ulimi, maana alijua mimi nitaziona. Filemoni alikasirika akasema picha za kampuni si za kuchezea. Kampuni yenyewe ni Maduhu na pikipiki mbili.

Jumanne asubuhi, watu wakiwa wanapokezana zamu, ardhi ilikaa. Sijui niandikeje neno jingine. Haikulia sana, ilikaa tu kama mtu mzito anapokaa kitandani, na upande mmoja wa duara ukateremka pamoja na magogo yaliyokuwa yakishikilia kuta. Waliomaliza zamu walikuwa wameshatoka, wananawa. Wa kuingia zamu walikuwa bado wanavaa. Tulipoitana majina, Okinyi hakuitika. Matiko alianguka chini akalia kwamba mwenzake yuko ndani, kwamba yeye alikwenda kuchukua tochi nyuma ya kibanda na aliporudi hakumkuta. Lakini alipoulizwa kama alimwona kwa macho akishuka, alisema hapana, hakumwona. Hajui kudanganya, hata pale ambapo uongo ungemsaidia.

Watu walifukua. Siwezi kuwalaumu watu wa huku. Walifukua kwa majembe, kwa masufuria, kwa mikono, Msukuma, Mkurya, Mjaluo, Mnata, hakuna aliyeulizwa kwao ni wapi. Maduhu mwenyewe alivua shati akaingia kwenye matope. Nilikuwa nabeba ndoo na kuomba, na sikumbuki niliomba nini.

Jioni ile ikajulikana kwamba kiroba kimoja hakionekani, kimojawapo cha yale mawe ambayo dhahabu yake unaiona bila kusaga. Ndipo maneno yakaanza. Mmoja akasema huenda jamaa hakuingia kabisa. Mwingine akasema Mjaluo ana kwao Kenya, ni kuvuka tu. Nilitaka kumrarua mtu uso. Kumbe moyoni, kaka, neno lile nililipokea, nikalificha ndani kama mtu anayeficha kipande cha sukari.

Asubuhi yake, jana hiyo, Maduhu alipiga simu nyumbani. Alifungulia sauti tusikie wote, tumemzunguka tukiwa na matope mpaka kwenye nyusi. Ulipokea wewe. Ulimwambia umemwona Okinyi kwa macho yako, amepita Sirari Jumanne jioni, mmesalimiana, ameshika njia ya Kisumu. Nyuma yako tukamsikia mama akipiga vigelegele.

Nilicheza, kaka. Nakuambia ukweli wa Mungu, niliimba na kucheza kwenye matope yale, mbele ya watu ambao wameibiwa. Nilimshukuru Mungu kwamba mdogo wangu ni mwizi. Mwizi mwenye pumzi! Wanaume waliokuwa wamefukua tangu jana yake walidondosha majembe, wengine walitema mate, mmoja akaniambia mwambie ndugu yako asirudi huku na miguu yote miwili. Sikujali. Matiko walimfukuza machimboni, wakisema alilia machozi ya kupanga. Nilimtazama akiondoka na godoro lake kichwani na sikumtetea, kwa sababu niliamua kuamini kwamba walipanga.

Kufukua kukaisha palepale. Mdomo wa duara ukazungushiwa miiba, akawekwa mlinzi, maana ufa mwingine ulikuwa umeanza upande wa juu na hakuna ruhusa ya kusogea. Serikali ikasema shimo lisilo na mtu lifukiwe kabla halijameza ng'ombe au mtoto. Hapo hawana kosa, wameambiwa halina mtu. Katapila linatoka Mugumu, litafika Jumamosi asubuhi.

Jana mchana Maduhu akaniambia nizime kamera ile, waifungue kwa mti mrefu tukaifunge kwenye duara lake la pili. Waya wake unafika kibandani kwangu, penye kioo ninachotazamia picha, sihitaji kusogea kwenye ufa. Nikakaa, nikashika swichi, nikajiambia kabla sijazima ngoja nitazame mara ya mwisho yule mwizi alivyotoka. Nilitaka nimwone akitoa ulimi, nicheke.

Nilimwona. Ulimi ameutoa. Nikacheka kidogo, kisha kicheko kikanikauka.

Wale waliotoka zamu Jumanne picha zao zilikuwepo, maana kompyuta ya Filemoni iliingia matope siku ile, haijawaka tena, na hakuna aliyezitoa; naye yupo baada yao. Wao wote wanaonekana kofia tu, ndogo, iko chini, mabega bado yako gizani. Anayepanda ngazi, kaka, kichwa chake ndicho kinachokata mwanga kwanza. Kamera inasubiri ule muda wake mdogo, inapiga, inampata kofia. Okinyi si hivyo. Okinyi mabega yake yamejaa picha nzima, yuko karibu na kamera kuliko wote, mkono wake mmoja umeshika kichwa cha ngazi kule juu kabisa, na uso ameuinua. Mtu wa namna hiyo mwanga ameukata kwa miguu. Mtu wa namna hiyo anashuka.

Baada ya hapo hakuna picha ya kofia. Hakuna aliyepanda.

Zilizofuata zilikuwa picha zisizo na kitu. Nyingi, nyingi mno, zimejaa tumbo la kamera karibu lote, na zilikuwa zimeanza kuzila zile za Jumanne asubuhi kutoka nyuma. Mwanzoni vumbi, halafu mdomo wa duara ulioharibika, matope, na kamba ya winchi inayoning'inia kupita kwenye upenyo uliobaki. Nilidhani kitaa kimelegea. Nikazipitia moja moja, na katika kila picha kamba haiko pale ilipokuwa. Hapa imeegemea kulia. Hapa imekaza, imenyooka kama kuna uzito. Hapa imelegea mpaka imefanya tumbo. Kamba ndiyo iliyokuwa ikiukata ule mwanga. Kuna kitu kinaivuta kutoka chini.

Wakati naziangalia ikapiga nyingine.

Sijui nilifikaje kwa Maduhu. Nilimkuta na Filemoni wanakunywa chai, nikawaburuta mpaka kibandani. Filemoni alitazama picha ya Okinyi akasema huyu hapa anatoka, si unaona yuko juu? Nikamweleza kama nilivyokueleza wewe. Akasema labda alishuka kisha akapanda wakati kamera imelala. Nikamwambia haijawahi kulala. Zile za kamba akasema ni upepo. Nikamwonyesha kwamba nyingine zimepigwa alfajiri, wakati huku hata jani halitikisiki. Basi akaleta jingine, na hili halikuwa la kijinga: mchimbaji akitaka kutolewa anavuta kamba mara nyingi harakaharaka, ndiyo alama yao, na hapa anaona picha moja, kimya, picha moja, kimya. Kaka, ni kwa sababu kamera ikishapiga inahitaji nafasi ya kuiandika ile picha tumboni, na mpaka imalize haipigi nyingine. Ukivuta mara tano upesi, yenyewe inaona moja. Hizo nne zinapotea. Kwenye chupa haikuwa na madhara, chupa zilikuja kwa nafasi.

Maduhu alisikiliza muda mrefu, ameshika kiuno. Yule si mtu mbaya, nataka ulijue hilo kabla hujaja. Alimwita hata Matiko arudi, akamuuliza huko chini kuna mahali mtu anaweza kujificha ardhi ikikaa. Matiko akasema kuna uchochoro wa pembeni ambako huwa wanapumzika, una hewa kutoka duara la zamani, na ndoo ya maji huwa inakaa humo. Maduhu akafuta uso. Kisha akaniambia, dada, mimi nikiwarudisha watu hawa chini ya ufa ule, huenda nikawazika watatu kwa kumtafuta mmoja. Ningefanya hivyo kama ningejua yupo. Lakini wewe unanionyesha kamba, na kaka yenu wa damu ameniambia kwa kinywa chake kwamba wamesalimiana Sirari. Nimwamini nani? Kamba au kaka?

Nilipiga magoti. Alisema nisimpigie magoti, mimi ni mama wa watu. Kisha akasema hivi, na nakuandikia kama alivyosema: kaka yake aje asimame hapa mbele ya wachimbaji, aseme hakumwona, basi katapila nitalirudisha na wa kwanza kushuka nitakuwa mimi. Kwa simu hapana. Kwa simu ameshasema, na wachimbaji wote wamesikia. Wao hawatashuka kwa maneno yangu mimi niliyecheza mbele yao.

Sasa kaka, nifike pale ninapopaogopa.

Tangu jana nakutafutia sababu. Nilisema labda ulimwona mtu anayefanana naye. Wajaluo warefu weusi Sirari wamejaa, na jioni macho hukosea. Nikasema labda kweli alitoka, na mimi ndiye ninayesoma picha vibaya kwa woga. Nilitaka sana iwe hivyo. Leo asubuhi nikampigia mama nikamuuliza taratibu, kama kwa utani, Odera alisema mdogo wetu alikuwa amependeza? Mama akafurahi akanisimulia yote. Akasema ulimwambia alikuwa na afya, amebeba begi dogo, na amevaa lile sweta la kijani alilomfumia yeye mwenyewe, na kwamba alikuambia mwambie mama linanitia joto.

Sweta hilo ninalo mimi. Lilitatuka kiwiko, akaniletea Jumapili nimshonee, na sijamshonea. Liko hapa mapajani mwangu ninapoandika.

Hukumwona, kaka. Hukumwona mtu yeyote.

Sikuandikii kukutukana. Nimekaa nikajaribu kuwa wewe. Nimewaza habari za duara zimefika nyumbani Jumanne, mama ameanguka uani kama alivyoanguka siku baba alipokufa, presha imepanda, wifi anampepea, wewe hujui la kufanya na mikono yako. Ukamwambia neno la kumwinua. Na neno likamwinua kweli, si akaamka? Halafu asubuhi simu inalia, Maduhu anauliza, na mama amesimama palepale anakutazama mdomoni. Ungesema nini? Huenda nami ningesema hivyohivyo. Labda ulidhani huku tumeshamaliza kufukua, kwamba ameshakufa, na uongo hauwezi kumdhuru maiti. Lakini tulikuwa tunafukua, kaka. Majembe yalikuwa yanafanya kazi, na wewe uliyadondosha.

Basi, nimesema. Nina hasira na wewe, na bado nakupenda, na yote mawili ni ya kweli. Na kama kuna deni la machozi tutalilipana baadaye, tukiwa watatu.

Kwa nini sikuja mwenyewe, utauliza. Kwa sababu nikiondoka, kamera itazimwa. Maduhu ameondoa jenereta kupeleka kwenye duara la pili, na ninaiwasha kwa betri. Mwinjilisti Nikolaus ametuazima betri ya spika za kanisa, na nyingine ni ya sola ya mama ntilie. Kila moja ikikaribia kuisha naunganisha ya pili kwanza ndipo naiondoa ya kwanza, maana waya ukiachia kidogo tu kila kitu kimefutika, picha ya Okinyi na kamba zote, na mimi nitabaki mwanamke wa Kijaluo anayepiga kelele. Nimezipiga na simu yangu kutoka kwenye kioo, lakini Filemoni anasema picha ya simu kila mtu anaweza kuitengeneza. Halafu kuna sababu nyingine. Hapa ndipo mahali peke yake ninapomwona. Mdogo wetu anaivuta kamba na hakuna hata mmoja anayemjibu, mlinzi haniruhusu kuisogelea, nimepiga kelele kutoka kwenye miiba mpaka sauti imekatika. Angalau kuna mtu anayetazama.

Jana zilikuwa zikija kwa wingi. Alfajiri ya leo zimekuja chache. Tangu nianze barua hii imepiga mara moja tu, na kamba haikukaza, ilisogea kidogo kama mtu aliyeishika ili asimame. Kila picha mpya inafuta ya zamani, na ya zamani kuliko zote iliyobaki sasa ni ile ya Okinyi kwenye ngazi. Ikija nyingine inayofuata itakaa mahali pake. Naomba ije, kaka. Naomba aifute. Akiifuta nitajua yupo, hata kama sitakuwa na cha kumwonyesha mtu. Ndiyo maana neno lako ndilo litakalobaki, na hakuna jingine.

Unaijua desturi yetu, mtu asipopatikana tunazika tunda la yago, lile refu la mti wa mwegea, mahali pake, tunalilia kama mtu, tunalifukia kama mtu. Usipokuja, wewe ndiye mkubwa, wewe ndiye utakayekwenda kulitafuta tunda hilo na kulichagua lenye urefu unaofaa. Mimi sitakuja kwenye mazishi hayo. Siwezi kulilia tunda wakati ninajua mahali alipo mtu mwenyewe na kwamba tulimfukia akiwa ameshika kamba. Nisamehe kwa kuandika hivi. Naandika hivi ili usimame.

Matiko ana pikipiki, ameazima kwa mtu wa Mbalibali. Usimkaribishe chai, atakataa. Ukimwona amekaa kimya usidhani ana kiburi, amekuwa hivyo tangu Jumanne, na kwa kila mtu anasema neno moja tu, twende mura, twende, maana kwao mura ni kijana. Mpaka wa Sirari mtavuka asubuhi ukifunguliwa, na mkipitia Tarime kisha Mugumu mtafika huku kesho kabla jua halijazama. Vaa viatu vya matope. Huna haja ya kuandaa hotuba wala kueleza sababu. Watu wa huku wamezoea kusikia mabaya. Simama tu useme, sikumwona ndugu yangu. Maneno hayo matatu. Wakikutukana nitasimama karibu yako watutukane wote wawili.

Nisalimie wifi Sheila, mwambie asiache kukanda mguu na maji ya moto. Wasalimie watoto, na jirani zetu wa kanisani wote wanaoniulizia, waambie watuombee bila kuwaeleza mengi. Mungu akulinde njiani wewe na Matiko.

Mama usimpe salamu zangu. Atakuona unavaa viatu, atakuuliza unakwenda wapi na huyo mgeni. Usimdanganye tena, kaka. Mwambie unakwenda kumtoa Okinyi.

Ni mimi dada yako anayekungoja,

Adero